SOMO LA MATAWI: ZEBAKI, SAMAKI NA HAKI YA KUPIMIWA



Katika mkutano mmoja wa tawi huku Sikuda, mama mmoja anayefanya kibarua cha kupalilia miwa alisimama akauliza swali fupi. Alisema: "Ndugu viongozi, mume wangu yuko machimboni, mimi niko shambani, na jioni tunakula samaki. Tumesikia samaki wana sumu. Tuache kula?" Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe muda. Tumesoma, tumewauliza wanaojua, na somo hili ndilo jibu letu kwake na kwenu nyote.

Jibu kwa ufupi ni hili: asiache kula samaki, lakini aanze kudai kipimo. Sumu tunayoizungumza hapa haionekani kwa jicho, hainuki wala haina ladha. Mfanyakazi asiyepimiwa yuko katika hatari mbili. Ama atakula sumu bila kujua, ama atapoteza kazi kwa sababu ya hofu ya sumu ambayo hakuna aliyeipima. Yote mawili yamekwisha kutokea. La kwanza liliwapata wenzetu wa Japani. La pili lilitupata sisi, hapa hapa kwenye ziwa letu. Tuanze mwanzo.

1. UCHAFU WA SAMAKI NI WA AINA TATU

Watu wengi husema tu "samaki wana sumu", kana kwamba sumu ni moja. Tuzitenganishe, maana kila moja ina dawa yake.

Aina ya kwanza ni vijidudu, kama vile vya kipindupindu na salmonela. Huletwa na maji machafu, vyoo vibaya, mikono isiyonawiwa, na samaki aliyekaa juani bila barafu. Hivi moto unaviua. Mama akipika samaki hadi ndani, na asimrudishe katika chombo alimowekwa mbichi, amekwisha kujikinga.

Aina ya pili ni dawa za shambani: za kuua wadudu na za kuua magugu. Huingia mtoni na maji ya mvua, au kwa mkono wa mtu anayeosha bomba la kunyunyizia kwenye kijito. Nyingine huvunjika baada ya siku chache. Nyingine, kama DDT, hukaa miaka mingi katika mafuta ya samaki. Hapa usitegemee moto wa jikoni.

Aina ya tatu ni metali: zebaki, risasi na kadimiamu. Metali haiozi, na moto wa jiko hauimalizi. Zebaki iliyomo ndani ya samaki imeshikana na nyama yenyewe. Ukiosha, ukitoa ngozi, ukikaanga au ukibanika, bado imo. Hata kumkausha samaki hakusaidii. Maji yanatoka, zebaki inabaki, kwa hiyo kilo moja ya samaki mkavu hubeba zebaki nyingi kuliko kilo moja ya samaki yule yule akiwa mbichi.

Somo hili litashika zaidi zebaki, kwa sababu hiyo ndiyo tunayoishika kwa mikono yetu.

2. ZEBAKI INATOKA WAPI HAPA KWETU

Dhahabu ya Busia si habari mpya. Imechimbwa tangu miaka ya 1930, na leo wake kwa waume wanachimba Tiira na sehemu za jirani. Mnajua kazi inavyokwenda. Mawe yanapondwa na kusagwa, unga unaoshwa, mchanga mzito unabaki kwenye karai. Hapo mtu anamimina zebaki na kuikanda kwa mikono mitupu. Zebaki inakamata dhahabu na kufanya donge jeupe. Donge linawekwa motoni, zebaki inaondoka na hewa, dhahabu inabaki.

Kupata gramu moja ya dhahabu kwa njia hii huweza kutumia gramu moja au mbili za zebaki. Mahali ambapo zebaki inamiminwa kwenye unga wote, si kwenye mchanga mzito peke yake, hutumika zaidi. Sehemu moja inakwenda na moshi, nayo huanza na pafu la yule aliyeinama juu ya moto. Mara nyingi ni mama, na jiko ni lile lile la kupikia uji. Sehemu nyingine inabaki kwenye makapi na kuchukuliwa na mvua.

Maji ya upande wetu yana njia mbili. Mto Malaba unatoka Mlima Elgon, unapita upande wa Tororo, unaingia Mpologoma na kuelekea Ziwa Kyoga. Mto Sio unapita mpakani na kuingia Ziwa Victoria. Kwa hiyo kinachomwagwa huku hakibaki huku. Kinawatembelea wavuvi wa Majanji upande wa Uganda na wa Sio Port upande wa Kenya, wala hakiulizwi pasipoti.

Tusiwalaumu wachimbaji peke yao. Watafiti wa Ziwa Victoria wameonyesha kwamba zebaki huletwa pia na udongo unaomomonyoka na moshi wa kuchoma misitu na nyasi. Na mkataba wa mataifa kuhusu zebaki, ambao tutautaja chini, unataja viwanda vya kuchoma klinka ya saruji kuwa moja ya vyanzo ambavyo moshi wake unatakiwa kuangaliwa. Wenzetu wa saruji Tororo wanayo haki ya kuuliza moshi wa kiwanda chao umepimwa lini, na karatasi ya majibu iko wapi.

3. INAVYOPANDA KUTOKA TOPENI HADI SAHANINI

Zebaki ile ya kung'aa ikizama kwenye tope, si samaki anayeimeza. Kuna viumbe vidogo mno, vya jamii ya bakteria, vinavyoishi kwenye tope lisilo na hewa. Hivi huibadilisha zebaki kuwa namna nyingine iitwayo methili-zebaki. Hii ndiyo mbaya zaidi kwa mlaji, kwa sababu tumbo huipokea karibu yote, na mwili huitoa polepole sana. Ukila leo, itachukua karibu siku 50 hadi nusu yake itoke.

Kisha inapanda ngazi. Mimea midogo ya majini inaichukua. Wadudu wa majini wanakula mimea mingi. Mukene, au omena kama wasemavyo ng'ambo ya mpaka, anakula wadudu wengi. Mbuta anakula mukene wengi, kwa miaka mingi. Kila ngazi inakusanya ya ngazi iliyo chini yake. Ndiyo maana samaki mdogo na wa umri mfupi huwa na zebaki kidogo, na samaki mkubwa, mzee, anayekula wenzake, huwa nayo nyingi zaidi. Juu ya ngazi hiyo yuko binadamu. Na juu ya binadamu yuko mtoto aliye tumboni, kwa sababu methili-zebaki hupita kutoka kwa mama hadi kwake, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

4. WENZETU WA MINAMATA

Tunajuaje haya? Tunajua kwa sababu watu waliteseka kwanza. Minamata ni mji wa pwani kusini mwa Japani. Kampuni ya Chisso ilikuwa na kiwanda cha kemikali hapo, na tangu mwaka 1932 ilitumia zebaki katika kazi moja ya kiwanda na kumwaga maji machafu baharini. Wavuvi wakaona paka wakiyumba na kuanguka kama walevi. Baadaye watu wakaanza: midomo na vidole kufa ganzi, mikono kutetemeka, macho kuona mbele tu kama kwenye bomba, ulimi kuwa mzito. Watoto walizaliwa wamelemaa, na mama zao hawakuwa na dalili kubwa.

Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hosokawa Hajime, aliripoti ugonjwa huo serikalini. Mwaka 1959 alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, na paka akapata ugonjwa ule ule. Kampuni ilificha matokeo hayo. Kiwanda kiliendelea kumwaga mpaka mwaka 1968, na mwaka huo huo ndipo serikali ya Japani ilipokiri rasmi kwamba chanzo ni zebaki ya kiwanda. Toka 1956 hadi 1968 ni miaka 12. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamezidi 2,200, na maelfu ya wengine wamelipwa fidia bila kutambuliwa hivyo.

Sasa, ndugu zetu, sikilizeni sehemu ya chama. Mwaka 1959 wavuvi walipodai maji machafu yazuiwe, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa upande wa pili. Waliogopa kwamba maji yakifungwa, kiwanda kitafungwa, na mishahara itafungwa. Mvuvi akamwona mfanyakazi kuwa adui, na kampuni ikakaa kimya ikitazama. Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu yao. Mwaka 1962 kampuni iliwabana juu ya mishahara, mgomo mrefu ukatokea, na chama kikapasuliwa vipande viwili. Hapo wakaonja wenyewe kutupwa. Mwezi Agosti 1968 chama cha kwanza cha wafanyakazi wa Chisso kilitoa tamko ambalo mpaka leo Japani hulijua kwa jina la Tamko la Aibu. Walisema kwamba wanaona aibu, kama binadamu na kama wafanyakazi, kwa kuwa mpaka siku hiyo hawakuwa wamepigana kwa ajili ya wagonjwa wa Minamata. Baadaye baadhi yao walisimama mahakamani kutoa ushahidi upande wa wagonjwa, na mwaka 1973 wagonjwa wakashinda kesi.

Sisi hatuwacheki wenzetu hao. Nani kati yetu hajawahi kunyamaza kwa kuogopa kibarua chake? Tunasema tu kwamba walilipa ada ya somo hili, na sisi tunaweza kulisoma bila kulipa tena.

5. WALIOPIMA ZIWA LETU WALIONA NINI

Daktari mwingine wa Japani, Harada Masazumi, aliyewatibu wagonjwa wa Minamata maisha yake yote, alikuja pia kwetu. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walipima nywele za wachimbaji wa dhahabu na za wavuvi kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na baadaye wakapima watu wa Kenya. Kila mtu alitazamia kwamba waliojaa zebaki watakuwa walaji wa samaki. Lakini wale waliokutwa na zebaki nyingi kupita wote walikuwa watu wanaotumia sabuni za kung'arisha ngozi, ambazo zilikuwa na zebaki ndani yake. Hofu ilielekeza kidole kwa samaki, kipimo kikaelekeza kwenye sabuni. Kina mama na kina dada, shikeni hilo.

Na samaki wenyewe? Watafiti waliowapima samaki wa Ghuba ya Napoleon karibu na Jinja, na wa Ghuba ya Winam karibu na Kisumu, waliona kwa jumla kwamba zebaki iko chini ya kiwango cha kuzuia biashara. Mukene na ngege walikuwa na kidogo. Waliokaribia kiwango au kuleta wasiwasi walikuwa mbuta wakubwa. Tanzania nako, karibu na machimbo ya dhahabu, samaki wengi wa ziwa walikutwa na zebaki kidogo. Watafiti walieleza kwamba udongo mwekundu wenye chuma huishika zebaki isiende mbali haraka.

Hiyo ni habari njema, lakini isitulaze. Kushikwa na udongo si kuisha. Udongo ule ukimomonyoka, zebaki inasafiri. Na waliopimwa ni samaki wa ziwani. Kambare na kamongo ambao watoto wetu huwatoa kwenye vinamasi na mashimo ya karibu na machimbo ni habari nyingine. Hao wapimwe wenyewe.

6. TUPIGE HESABU

Gramu moja ina miligramu 1,000, na miligramu moja ina mikrogramu 1,000. Kipimo kinachotumika sana katika biashara ya samaki ni kwamba kilo moja ya samaki isizidi miligramu 0.5 za zebaki. Kwa aina kadhaa za samaki wakubwa walao wenzao huruhusiwa hadi 1.

Hicho ni kipimo cha sokoni. Kipimo cha mwili ni kingine. Mwaka 2003 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa Shirika la Chakula na Kilimo waliweka kiwango cha methili-zebaki mikrogramu 1.6 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mtu, ili kumlinda hasa mtoto aliye tumboni.

Mama mwenye kilo 60: 60 mara 1.6 ni mikrogramu 96 kwa wiki.

Akila samaki wenye miligramu 0.1 kwa kilo, yaani mikrogramu 100, atafika kiwango hicho kwa gramu 960, karibu kilo nzima kwa wiki.

Akila samaki wenye miligramu 0.5, atakifikia kwa gramu 192 tu kwa wiki nzima.

Mtoto wa kilo 15 kiwango chake ni mikrogramu 24. Kwa samaki wenye 0.5 atakifikia kwa gramu 48, kipande cha kiganja chake mwenyewe.

Mnaona? Samaki anaweza kupita sokoni kihalali, na bado akawa mwingi kwa mtoto anayemla kila siku. Kwa hiyo shauri letu kwa yule mama ni hili. Ale samaki, kwa sababu samaki hujenga mwili na ubongo wa mtoto, na kwa mshahara wetu hakuna nyama inayomshinda mukene. Mukene na ngege awape watoto. Mbuta mkubwa asiwe chakula cha kila siku cha mjamzito, anayenyonyesha, au mtoto mdogo. Na samaki wa mashimo ya machimbo asiingie chunguni mpaka apimwe.

7. MWAKA 1999: TULIPOFUKUZWA KAZI KWA KUKOSA KARATASI

Tumesema kuna hatari ya pili, ya kupoteza kazi. Hiyo haikuwa zebaki, lakini somo lake ni moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya watu walianza kuvua kwa kumwaga dawa ya wadudu ziwani. Dawa iliyotajwa sana ilikuwa endosulfani. Dawa hiyo haikutengenezwa ziwani. Ilikuwa dawa ya mashambani, iliyotoka katika maghala ya namna ile ile tunayofanyia kazi. Mwezi wa Machi 1999 Serikali ya Uganda yenyewe ilisimamisha kupeleka samaki Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Uganda, Kenya na Tanzania.

Shida kubwa haikuwa kwamba kila mzigo ulikutwa na sumu. Shida ilikuwa kwamba nchi zetu hazikuweza kuonyesha, kwa karatasi za maabara, kwamba mzigo ni safi. Wakaguzi walikuwa wachache, na sampuli zilibidi kupelekwa nje. Kwa upande wa Uganda mlango ulikaa umefungwa kwa zaidi ya mwaka, hadi katikati ya mwaka 2000.

Nani alilipa? Si yule aliyemwaga dawa. Viwanda vya minofu vingine vilifungwa, vingine vikafanya kazi kwa zamu chache. Wakata minofu, wapakiaji, wavuvi, wachukuzi wa barafu, waliambiwa waende nyumbani. Katika miaka mizuri minofu ilikwenda Ulaya, nasi tukabaki na mgongo wazi. Mwaka 1999 hata mgongo wazi ulikosekana. Endosulfani yenyewe ilikuja kuingizwa mwaka 2011 katika orodha ya dunia ya dawa za kuondolewa. Mfanyakazi aliyepoteza mshahara wa mwaka ule hakurudishiwa.

Tuongeze mfano wa kutuliza. Mwezi Januari 2021 mbuta wengi walielea wamekufa katika Ziwa Victoria na Ziwa Kyoga. Watu wakapiga kelele kwamba ni sumu. Wataalamu wa serikali ya Uganda walipima, wakasema chanzo ni upungufu wa hewa majini baada ya dhoruba kuchanganya maji. Si kila samaki aliyekufa amewekewa sumu. Lakini bila kupima, nani angetuambia?

8. TUDAI NINI, NASI TUFANYE NINI

Tunaanza na sisi wenyewe, kwa sababu huwezi kudai huku mkono wako unamwaga.

(a) Wafanyakazi wa mashamba: bomba la dawa lisioshwe kwenye kijito wala kisimani. Liooshwe mahali palipotengwa, mbali na maji. Mtungi wa dawa usiende nyumbani kuchotea maji. Na dawa isitoke ghalani kwa mlango wa nyuma. Anayemuuzia mvuvi dawa anauza kazi ya mwenzake.

(b) Wachimbaji: donge lisichomwe nyumbani wala karibu na watoto. Lichomwe ndani ya chombo kinachofunikwa chenye bomba la kurudisha zebaki, ili moshi usiende hewani na zebaki itumike tena. Kuna njia pia ya boraksi, isiyotumia zebaki hata kidogo. Wachimbaji wadogo wa Benguet huko Ufilipino wameitumia kwa miongo kadhaa. Tunataka wafundishaji waje kutuonyesha.

Sasa madai. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulitiwa saini mwaka 2013 na ukaanza kazi mwaka 2017. Uganda iliuridhia mwaka 2019. Kwa wachimbaji wadogo mkataba huo unataja mambo manne ya kukomeshwa: kumimina zebaki kwenye unga wote wa mawe, kuchoma donge wazi, kuchoma donge katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye makapi yenye zebaki kabla ya kuitoa zebaki. Yashikeni manne hayo kichwani. Yakitendeka mahali pako, unajua la kusema.

Kila tawi lidai haya:

Kwanza, kamati ya usalama na afya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 na ya Kenya ya mwaka 2007 zinataka kamati hiyo mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kama kwenu haipo, hilo ni dai la kesho asubuhi.

Pili, wafanyakazi wapimwe, na wapimwe sawasawa. Aliyevuta moshi wa zebaki apimwe mkojo. Anayekula samaki wengi apimwe unywele. Ukimpima unywele tu mchoma dhahabu, moshi aliouvuta hutauona vizuri. Majibu apewe mwenyewe mfanyakazi, na yasitumiwe kumfukuza.

Tatu, samaki na tope la mito yetu vipimwe kila mwaka, na majibu yabandikwe sokoni na kwenye ubao wa tawi. Jinja kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa samaki, na Kisumu kuna kituo cha taasisi ya Kenya. Kazi hii inawezekana. Na kwa kuwa mito inapita mpaka, matawi ya Uganda na Kenya yaandike barua moja.

Nne, jambo hili liingie katika mkataba wa pamoja. Kituo cha kazi kikifungwa kwa sababu ya uchafu ambao mfanyakazi hakuuleta kwa hiari yake, mshahara wake uendelee.

9. MASWALI YA KUJADILI KWENYE MATAWI

Kwa nini kupika vizuri kunaondoa hatari ya vijidudu lakini hakuondoi zebaki?

Kati ya mukene na mbuta mkubwa, nani ana zebaki zaidi, na kwa nini?

Mtoto wako ana kilo ngapi? Piga hesabu ya mikrogramu zake kwa wiki.

Mahali penu pa kazi, maji machafu yanakwenda wapi? Mtu mmoja afuate mfereji kwa miguu mpaka mwisho, alete habari mkutanoni.

Mwaka 1959 ungekuwa mfanyakazi wa Minamata mwenye watoto watano, ungesimama upande gani? Jibuni kweli, bila kuoneana haya.

Yule mama aliyeuliza swali tulimrudishia jibu katika mkutano uliofuata. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Basi niandikeni jina langu, nitakuwa mtu wa kwanza kupimwa." Watu saba wakasimama baada yake. Orodha hiyo iko kwa katibu wa tawi, na nafasi bado ipo. Wenzetu wa Minamata walikawia miaka 12. Sisi tusikawie.

Umoja ni nguvu.